Pembe za Lomeri

Wacheza baleti kutoka ng'ambo walipomaliza zamu yao katika ukumbi wa Isiolo, Ekuam akapanda jukwaani. Mwanaume wa Kiturkana humcheza ng'ombe wake, basi aliinua mikono kama pembe za Lomeri, akaruka huku akimwimba kwa jina. Mgeni mmoja alifurahi sana, akaomba apelekwe kumwona Lomeri.

"Mpeleke, mwanangu!" mama yake akaita kwa fahari. "Si yuko malishoni Leparua?"

Sisi waendesha boda wenzake tukaangua kicheko, wajinga sisi. Tulijua alimuuza Lomeri akanunua pikipiki.

Ekuam alibaki na mikono juu. Pikipiki ilikuwa mlangoni, jina la Lomeri limeandikwa kwenye tangi. Ndiyo iliyomleta mama yake asubuhi. Mama hajui kusoma.