Mpishi wa Mkono Ulioungua

Nimefanya kazi nyingi. Nimebeba magunia, nimepaka rangi nyumba za watu, nimewahi hata kufundisha watoto kuogelea na mwenyewe sijui. Shule niliionja huku na kule. Uzeeni nikaangukia chuoni, mtunza ukumbi, na mara moja kwa mwaka napiga kengele.

Siku hiyo chuo kizima hukusanyika kuwakumbuka watumwa waliokijenga. Mkutubi husoma daftari la zamani. Kila jina likisomwa, watu huitikia, "Yupo." Wasioandikwa jina hutajwa kwa kazi zao, na hapo haitikii mtu, mimi hugonga kengele mara moja.

Mwaka wangu wa kwanza mkutubi alisoma: "Mpishi, mwanamke, mkono wa kushoto umeungua hadi kiwikoni." Nikagonga. Jioni nikampigia dada yangu simu kumsimulia, maana yeye ndiye mwenye habari za ukoo. Akaniomba nirudie maneno ya daftari.

"Huyo ni bibi yake bibi yetu," akasema. "Aliungua kwa mafuta, jikoni kwa walimu. Bibi alitusimulia sote, ila wewe ulikuwa unatazama mlango."

"Aliitwa nani?"

"Jina la mtu halitajwi kwenye simu kama bei ya vitunguu. Njoo ukae, nikupe na habari zake."

"Nitakuja mwezi ujao, dada."

"Mwezi ujao wako naujua. Una mwaka mzima ndani yake."

Kwa dada ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Mimi niliyezunguka nchi nne na begi moja, safari hiyo ikanishinda. Sababu sikukosa: mara mabomba yamepasuka, mara mgongo. Ukweli ni kwamba niliona haya. Bawabu wetu, mtu wa mdomo, nilipomdokezea alicheka mpaka chai ikampalia.

"Kumbe wewe ni mali ya chuo, mzee! Usistaafu basi, tutakuorodhesha pamoja na viti."

Utani tu, lakini ulinichoma. Nikamwomba asimwambie mtu. Mwaka wa pili nikagonga kengele. Wa tatu nikagonga. Na kila mwaka dada alipiga simu.

"Wamemsoma?"

"Wamemsoma."

"Wamemwita nani?"

Nami namuuliza habari za kuku wake.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, mpwa wangu akapiga: mama ameanguka, upande mmoja umepooza, maneno yamekwenda. Basi la kwanza la asubuhi lilinikuta kituoni.

Dada alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, karibu na dirisha. Aliponiona alicheka kwa nusu ya uso. Nikapiga magoti.

"Dada, nimekuja. Nipe jina."

Akafungua kinywa. Ikatoka sauti moja ndefu, nzito, isiyo na mwanzo wala mwisho. Akarudia, ikawa ile ile. Nikamjaribu kwa silabi moja moja, aitikie kwa kichwa. Aliitikia zote. Kalamu hakuwahi kufundishwa kuishika.

"Mjomba, usimchoshe," mpwa wangu akasema.

"Na wewe hakukwambia?"

"Nilimuuliza. Alisema anakungoja wewe, mwenye kengele."

Siku ya kumbukumbu tulimleta chuoni, nikamweka kando yangu. Mkutubi nilikuwa nimeshamweleza yote, na haya zangu pia. Akanionea huruma. "Mzee, hata la kukisia, nipe. Nitaliandika." Ningeweza. Majina ya wanawake nayajua tele, na hakuna ambaye angenibishia.

Zamu ikafika. "Mpishi, mwanamke, mkono wa kushoto umeungua hadi kiwikoni." Nikainua nyundo. Dada akanikamata kiganja kwa mkono wake mzima, akakishusha chini. Kisha akasema. Sauti ile ile, ndefu, ukumbi wote ukaisikia. Watu wakatazamana. Aliyeitika kwanza ni bawabu, kutoka mlangoni kwake: "Yupo." Wengine wakamfuata.

Shughuli ilipokwisha mkutubi akatujia na daftari lake, kalamu tayari.

"Amesema nani, mzee?"

Dada alinitazama kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kufanya lake, sasa anangoja nami nifanye langu.

"Sijui," nikasema. "Nilichelewa."

Utulivu ule ukamtoka usoni. Akanivuta ukosi wa shati, akalisema tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Nikainama mpaka pumzi yake ikanipiga sikioni. Mkutubi alisubiri. Dada akarudia, akarudia tena, na sikulipata.