Benchi la Nyuma Kanisani Nuu

Nzuki alirudi kwao Nuu mwaka wa tisini na moja, ndevu zimejaa mvi na suruali ya ngozi imepasuka gotini. Mama yake, Kasyoka, alikuwa amepofuka. Alimpapasa uso mwanawe, akasema, "Nataka kukusikia ukiimba kanisani kabla sijafa. Ni hilo tu."

Jambo dogo, utasema. Lakini kanisa lile halina mchezo. Aliyeimba mambo ya dunia hutengwa: hukaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana, wala hafungui kinywa kuimba mpaka wazee waridhike kwamba ametubu kweli. Na Nzuki, jamani, mambo ya dunia alikuwa ameyaimba mpaka yakaisha.

Alianzia mjini Wote na bendi ya twisti, wakagombana. Akaingia bendi ya Emali iliyowapigia madereva wa malori, na huko ndiko roki ilipomteka, gitaa za umeme zikilia mpaka mabati yanatetemeka, naye akipayuka juu yake. Akaenda Mombasa, akarudi, akahama tena. Kila bendi ilikuwa ya mwisho, hivyo ndivyo alivyomwambia dada yake Muthoki, halafu bendi inavunjika na kesho yake yuko kwa wengine. Maikrofoni zenyewe zilikuwa mbovu, kwa hivyo alishindana na gitaa kwa koo tupu. Akitema damu, alisukutua kwa maji ya chumvi akapanda jukwaani. Ujinga mtupu, lakini nani angemwambia, na watu walikuwa wakimshangilia?

Mama hakuwahi kusikia hata wimbo wake mmoja. Redio ikianza muziki wa dansi, aliizima. Nzuki aliyebaki masikioni mwake alikuwa yule mvulana wa kwaya, aliyeimba sauti ya kwanza mpaka akina mama wakafuta machozi kwa leso.

Basi Nzuki akakaa benchi la nyuma. Waliotaka kucheka walicheka, naye akavumilia. Mvua zilipita, kiangazi kikaingia, na mama akawa mtu wa kulala tu. Nzuki alimwendea Mchungaji Musembi, akamsihi amfupishie adhabu.

"Sheria ni ya wote," Musembi alimjibu.

Nzuki aliondoka roho ikimchemka. Lakini Jumapili alirudi benchini, maana safari hii hakutaka kuhama.

Hatimaye wazee wakaridhika. Siku hiyo Muthoki na mumewe walimbeba mama kwenye kiti, wakamweka mbele kabisa. Nzuki alisimama, akauanza wimbo ule ule wa kwaya aliokuwa akiupenda mama. Alijua koo limeharibika, lakini alitumaini kwamba siku moja tu lingemhurumia. Halikumhurumia. Pa juu sauti ilikatika, pa chini ikakwaruza kama jembe kwenye changarawe. Aliona aibu. Hata hivyo aliimba beti zote, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyecheka.

Alipomaliza, mama aligeuza uso kumtafuta Muthoki.

"Yule mzee amejitahidi," alisema, na kanisa zima likasikia. "Sasa mwambieni Nzuki aanze, nimechoka kukaa."