Pai ya Forosadi Kwenye Faili la Verlin Crain

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, Daktari Teague alisimamisha gari lake la kijivu mbele ya zahanati ya Tolliver Springs, kisha akaingia kwanza mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Alhamisi ndiyo siku ya kambare wa kukaanga. Alikula akashiba, akavuka barabara huku akijifuta vidole, akaketi kwenye kiti cha Rhonda Pruitt na kuanza kutia sahihi.

Ndivyo sheria ya Missouri ilivyotaka. Rhonda alikuwa nesi, na si nesi wa kufunga bandeji tu. Alisoma miaka mingine ya ziada, akapata leseni ya kumpima mgonjwa, kumtajia ugonjwa wake na kumwandikia dawa. Ila sheria ilisema hawezi kuyafanya hayo bila daktari wa kumsimamia, na daktari huyo sharti apitie faili moja katika kila kumi. Wa kumsimamia alikuwa Teague, mzee wa miaka sabini na minne aliyeishi maili arobaini kutoka pale. Siku ambayo angekataa kutia sahihi, mlango wa zahanati ungefungwa, na watu wa milima ile wangebakiwa na daktari wa ng'ombe.

Apitie, sheria ilisema. Teague hakupitia chochote. Alifunua ukurasa wa mwisho, akachora sahihi yake iliyolala kama nyasi zilizopigwa na upepo, akafunga, akavuta jingine. Faili kumi na nne kwa dakika tisa. Rhonda alimpimia kwa saa ya ukutani. Na muda wote huo mzee alikuwa akisimulia habari za mbwa wake wa kuwindia.

Miaka kumi na mmoja mwanamke huyu alimeza hayo. Watu walimwita Dokta, naye kwa kuchoka kuwasahihisha akaacha waseme. Alizalisha mama wawili barabarani theluji ilipofunga njia, akagundua saratani ya ngozi begani mwa mchungaji pale wengine walipoona chunusi. Kisha mtu mmoja mwenye harufu ya kambare anakuja kumwidhinisha bila kutazama. Kusema kweli, ingemkera yeyote.

Mwezi wa Aprili akachoka. Zahanati ilikuwa bado ya makaratasi, hivyo jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Alichukua faili la juu kabisa, la Verlin Crain, mkulima wa majani ya ng'ombe aliyekuja kwa ajili ya magoti, na chini ya maelezo ya ugonjwa akaandika kwa mwandiko safi: "Daktari, ukiisoma hii nitakuokea pai ya forosadi." Alhamisi ilipofika Teague akatia sahihi chini ya maneno hayo hayo, wino ukaigusa herufi ya mwisho. Rhonda alijifungia stoo ya dawa akacheka mpaka machozi.

Alikitunza kicheko hicho kama silaha, na Septemba siku ya kukitumia ikafika. Muswada ulikuwa umepelekwa kwenye kamati ya bunge la jimbo kule Jefferson City, wa kuwaondolea manesi kama yeye sharti la sahihi ya daktari. Chama cha manesi kilimwomba Rhonda akatoe ushahidi siku ya Jumanne. Teague naye aliitwa na upande wa madaktari, aje aupinge.

Jumatatu asubuhi Rhonda alisimama kwenye mashine ya kutoa nakala, kalamu nene nyeusi mkononi, afute jina la mgonjwa. Alitoa nakala ya ukurasa wa pai. Alipoinua faili ukurasa ukajigeuza, na nyuma yake palikuwa na majibu ya maabara.

Kipimo cha figo kilikuwa kimepanda maradufu. Chini yake, kwa wino wa Rhonda mwenyewe, ziliandikwa herufi mbili za jina lake, R.P., maana yake nimeona. Tarehe ilikuwa ya wiki ile ile ya pai.

Aliketi sakafuni pale pale. Verlin alikuwa tayari na vidonge viwili vya presha, kimoja cha kumkojosha. Februari Rhonda akamwongezea vidonge vya maumivu ya magoti. Dawa hizo tatu kwa pamoja, kwa mzee anayetoka jasho shambani, huweza kuua figo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, ndiyo maana Rhonda aliagiza kipimo. Aliagiza, majibu yakaja, akayatia herufi bila kuyatazama. Aliikumbuka hata siku yenyewe. Palikuwa na rundo la makaratasi, naye aliyapitisha moja baada ya jingine huku akimlalamikia dada yake kwenye simu jinsi Teague asivyosoma.

Nyani haoni kundule. Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa kingine. Ile sheria aliyokuwa akienda kuipinga iliwekwa kwa ajili ya karatasi kama hiyo hasa. Laiti jicho la pili lingelisoma faili, lingeiona. Na laiti jicho lake mwenyewe, la kwanza, lingesoma, lisingehitajika la pili.

Alipiga simu kwa akina Crain. Alipokea Nadine, mke wa Verlin, akasema mzee amelala. Tangu Julai amekuwa mtu wa kulala tu, anajikuna usiku kucha, na miguu haiingii tena kwenye buti. Walidhani ni uzee. Rhonda akamwambia vipimo vya zamani havikumpendeza, aache vidonge vya magoti leo hii na waende hospitali ya Springfield sasa hivi, wasingoje chakula cha mchana. Havikumpendeza, alisema. Hakusema ni vya lini.

Jioni Verlin alimpigia kutoka kitandani hospitali, sauti imekauka.

"Dokta, wameniambia ningechelewa wiki mbili tu, mngekuja kuniimbia kanisani. Umeniokoa."

"Pumzika, Verlin," Rhonda akasema.

Ndiyo hayo tu aliyosema. Alikata simu, akajiona mdogo kuliko alivyowahi kujiona maishani mwake.

Jumanne aliendesha gari kwa muda wa saa tatu mpaka Jefferson City, kurasa zote mbili kwenye bahasha. Njia nzima alijizoeza maneno. Angesoma wa kwanza, kisha angegeuza na kusoma wa pili, kisha na liwe liwalo: leseni iende, muswada uanguke. Aliamini kabisa kwamba angeweza.

Teague alitangulia. Alivaa suti iliyombana, akawaambia wajumbe kwamba hana ugomvi na manesi, lakini mgonjwa anastahili macho ya daktari. "Kila faili ninalolitia sahihi nimelisoma," alisema. "Neno kwa neno."

Alipoitwa Rhonda, hakuzunguka. Alieleza kwa ufupi yeye ni nani, akauinua ukurasa na kusoma mstari wa pai, kisha akasema sahihi iliyo chini yake ni ya nani. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenyekiti alivua miwani akajifuta macho, akauliza kama hiyo pai mzee aliipata.

"Tanuri halijawashwa, mheshimiwa," Rhonda akajibu, wakaangua kicheko upya. Teague aliinama akaviangalia viganja vyake. Masikio yake yalikuwa mekundu, na Rhonda, aliyeota siku hiyo kwa miezi mitano, alikuta haina utamu wowote.

"Una la kuongeza?" mwenyekiti akauliza.

Ukurasa wa pili ulikuwa chini ya kidole gumba chake. Aliusikia ukingo wake. Watu walikuwa bado wanatabasamu, na ni vigumu sana kuwanyang'anya watu tabasamu uliyowapa mwenyewe.

"Hapana, mheshimiwa."

Jioni kamati iliupitisha muswada uende mbele. Manesi walimkumbatia mmoja mmoja kwenye korido, mmoja akalia begani mwake kwa furaha. Rhonda aliomba njia, akaenda moja kwa moja kwenye gari lake.

Habari ilifika Tolliver Springs kabla yake. Gazeti la wilaya liliuchapisha mstari wa pai, na mkahawa ukaandika ubaoni, kando ya kambare, Pai ya Teague. Watu walimpigia Rhonda honi barabarani. Hakuna aliyejua faili lile lilikuwa la nani. Verlin alirudi nyumbani akiwa ngozi na mifupa, akawa anapelekwa Springfield mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, na madaktari wa huko hawakuahidi kama figo zitarudi. Walitaka kujua tatizo lilianza lini. Basi Nadine akaja dirishani pa mapokezi kuomba faili lote la mumewe, kama ilivyo haki yake. Rhonda alimwona kupitia kioo, akaingia stoo ya dawa, ile ile aliyochekea, akasubiri mpaka mama wa watu apewe nakala zake aondoke. Mtu mzima, miaka hamsini na miwili, amejificha nyuma ya maboksi ya sindano.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Teague alikuja. Sheria ilikuwa bado haijabadilika, sahihi yake ilihitajika. Safari hii hakupita mkahawani. Hakumsalimia Rhonda. Alivaa miwani akafungua faili la kwanza kwenye ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma, kidole kikifuata mistari. Ilipogonga saa tisa alikuwa kwenye faili la nne. Hapo ndipo Nadine aliposukuma mlango bila kubisha, mkononi ana kitu kilichofunikwa kitambaa, kwapani ana bahasha.

Alikiweka mezani, juu ya mafaili, akafunua. Ilikuwa pai. Maji ya forosadi yalikuwa yametoboa ukoko na kuganda meusi pembeni.

"Bado ina moto," alisema. "Mliahidi atakayesoma ataokewa. Basi mimi nimesoma. Kurasa sitini na mbili, mezani kwangu jikoni. Na kwa kuwa hamkuwa na mpango wa kuniokea, nimejiokea."

Teague alianza kuinuka. Nadine akamwonyesha kwa kidole akae, akakaa.

"Niliishia darasa la nane," Nadine aliendelea. "Mengi humo sikuyaelewa. Lakini tarehe najua kusoma." Akachomoa karatasi kwenye bahasha akamkabidhi Rhonda. "Soma, kama ulivyowasomea wale wakubwa."

Rhonda akasoma. Daktari, ukiisoma hii nitakuokea pai ya forosadi. Hakuna aliyecheka.

"Geuza."

Akageuza. Akaitaja tarehe, akakitaja kipimo.

"Na hizo herufi chini?"

"R.P."

"Za nani?"

"Zangu, Nadine. Niliziandika bila kutazama."

Teague aliivuta karatasi kwake, akaitazama, kwanza herufi za Rhonda, kisha upande wa pili, sahihi yake mwenyewe. Alivua miwani. Alisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye pia, lakini Nadine hakumgeukia.

"Mume wangu haachi kunisimulia jinsi Dokta Rhonda alivyomwokoa," alisema. "Kila jioni kabla ya kulala anakuombea, kwa jina. Mimi nanyamaza, nasema amina. Nimechoka kusema amina. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi. Nitakuja kesho asubuhi—"

"Yuko nje kwenye gari."

Rhonda alitoka hivyo hivyo na koti lake jeupe. Verlin alikuwa amekaa kiti cha pembeni, blanketi magotini, bandeji mkononi pale wanapochoma. Alipomwona alihangaika kushusha kioo, akafanikiwa, uso mzima ukachanua.

"Nadine kakuletea pai?" akauliza. "Mimi ndiye niliyemwomba aipike, Dokta. Tangu jana kanuna, sijui kwa nini. Nikamwambia, hatuna kitu, lakini hatuwezi kukaa bila kumshukuru yule mama."

Rhonda aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Mimi si daktari, Verlin," alisema. "Tuanzie hapo."