Kipande ya Mama Haikufika Mavivi

Docteur Sikuli alitia kipande ya nyama mu kabocal, kachupa ya kioo, akamwanga juu formol, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, akafunga na plasta, akanipatia. Kipande ilikuwa kadogo, kama mbegu ya kakao.

"Siméon, hii ni mama yako," akasema. "Beba vile unabebaka mayai."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Mama alikuwa anakaa ku kitanda, pansement, bandeji ya kidonda, chini ya blouse. Toka Pasaka alikuwa na uvimbe mu titi, na toka Pasaka tulikuwa tunatembea tu: kwa infirmier wa quartier, kwa mama wa majani, ku sala ya bagonjwa, na kila mutu anatupatia jina yake ya ugonjwa. Sasa docteur alikuwa amesema ile jina hatukupenda kusikia.

"Kansere," mama akasema. "Sawa. Basi munipatie vidonge ya Agar."

Agar ni rafiki yake wa Alimbongo. Yeye pia alikuwaka na kansere ya titi, anameza kidonge moja kila asubuhi na analima kabisa.

"Pengine yako hapana ya Agar," docteur akasema.

"Titi ni titi, docteur."

"Mama, muko na shamba?"

"Mudogo wangu alikuwa na kakao kule Mabalako, na ndizi."

"Basi kakao ikioza, na ndizi ikikauka, munapuliza dawa moja?"

"Ndizi ikikauka tunang'oa tu."

Mufano ilimugeukia docteur. Akavuta kiti, akaongea wazi. Hata ya titi peke yake, akasema, iko aina mingi. Ingine inakula homoni ya mwili, njo kidonge ya Agar inaifungia chakula. Ingine iko na alama yake, inaombaka sindano yake. Ingine haina ile yote, ile inaombaka chimio, dawa ya nguvu ya mushipa. Ku macho zote zinafanana.

"Mie naweza kukata, mais siwezi kuona ndani," akasema. "Kinshasa kuko mutu wa kusoma nyama na microscope. Akisha soma, njo tutajua tunakutuma kwa spécialiste gani, ya kufanya nini. Bila ile tunapiga ndege mu giza."

"Na yenyewe inatungoja?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Haingoje."

Njo vile nilitoka Butembo na mama yangu mu sakosi. Avion ya Kinshasa ilikuwa ya kesho ku uwanja wa Mavivi, karibu ya Beni, donc nilipaswa kulala Beni. Nikapanda pikipiki. Ku barrière ya barabara askari mumoja akagusa sakosi.

"Nini iko ndani?"

"Mama yangu."

"Leki, ozosakana?" akaniuliza mu Lingala, kama niko nacheza. Akafungua, akaona, akanirudishia mbio. Hata franka ya kahawa hakuomba.

Beni nililala kwa mama mudogo Kahongya, mudogo wa mama. Alikimbiaka toka Mabalako juu ya vita, sasa anapanga kanyumba na mugomba moja nyuma ya jiko. Niliweka bocal ku meza. Akaiangalia sana, mikono mu kikwembe.

"Njo yeye?"

"Njo yeye."

"Na bakimaliza kumusoma, banamurudisha?"

"Sijui, mama mudogo."

"Basi batatupa," akasema, pole pole, kama mutu anajiambia.

Asubuhi meza ilikuwa wazi. Bocal nikaikuta ku jiko, imeoshwa, imepinduliwa kati ya sahani.

Mama mudogo alikuwa inje, chini ya mugomba, udongo ku vidole.

"Usikasirike, papa. Nimemuzika. Nimemwanga ile maji ya kunuka, nikamunawisha na maji ya vuguvugu, nikamufunga mu kitambaa yangu nyeupe ya misa. Nimesali."

Kalikuwa kaudongo kadogo na musalaba ya vijiti.

"Wakati ya Ebola bwana yangu alienda kaburini mu sakosi nyeupe ya maiti," akasema. "Mie nikasimama nyuma ya kamba, kama mugeni. Sikumunawisha. Hata kidole sikumugusa. Sasa kipande ya yaya yangu, mukubwa wangu, banitupie mu poubelle ya Kinshasa? Na mie niko muzima, niko na mikono?"

Nilitaka kukasirika. Kukasirika kwenyewe kulinichokesha.

"Mama mudogo, ile haikuwa maiti. Ilikuwa inaenda kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Dawa gani itamuponesha mama."

Akakaa chini, palepale mu udongo. Avion ikapita juu ya mabati.

Nikapigia docteur simu. Akasikiliza, akapumua.

"Usifukue. Bila formol, na maji, na udongo, imesha haribika. Tutakata ingine."

"Nani atamwambia mama?"

"Wewe njo ulibeba."

Kahongya alikuwa anasikia. "Hapana," akasema. "Mie njo nilizika."

Butembo tulikuta mama anaambua maharagi. Kahongya akapiga magoti, akasema yote bila kuficha kitu. Mama hakuacha kuambua.

"Uliniimbia?" akauliza.

"Niliimba, yaya. Ya Bikira Maria."

"Yote?"

"Yote."

"Mie niko naambua maharagi hapa, kumbe nimesha zikwa Beni." Akacheka mupaka akashika pansement. Kisha kicheko ikaisha, akabaki amechoka tu. "Kahongya, hii titi haiko ya kuchezea."

"Najua, yaya."

"Batanikata tena."

"Najua."

Maganda ikaanguka, ikaanguka. "Basi ya sasa utaibeba wewe," mama akasema.

Siku ya kukata, Kahongya aliingia na mama mupaka ku bureau ya docteur. Akamuuliza ile swali yake: bakisha soma, banatupa?

"Banatia mu nta, mama," docteur akasema. "Inaganda ndani, kama kipande ya mushumaa. Inakaa mu tiroir ya kabati myaka na myaka. Spécialiste mwingine akitaka kusoma tena, anaikuta pale."

"Mu nta," Kahongya akasema. "Kama mushumaa ya Pasaka."

"Karibu vile."

Akafunga macho kidogo. Kisha akapokea bocal. Mupaka Mavivi aliishika ku magoti, hakuiacha hata ku barrière. Mutu wa agence ya avion alimuvuta ku vidole polepole ili ampatie.

"Papa, haiendi kuzikwa," akamwambia. "Inaenda kuuliza."

Résultat ilikuya wakati tulikuwa tumesha acha kuulizana. Docteur Sikuli akaisoma, akaisoma tena. Haikuwa ya Agar. Ilikuwa ile ya tatu, haina homoni wala alama, ya chimio, na chimio yenyewe ni Kampala, kwa spécialiste mwenye docteur alikuwa amesha mupigia simu.

"Donc hapana vidonge," mama akasema.

"Hapana vidonge. Mais sasa tumeijua. Iko ya kutibika, tusichelewe."

Mama akaangalia dirisha. Nilifikiri atalia. Akafunga kikwembe yake vizuri.

"Sawa. Kahongya, utanisindikiza."

"Ndiyo, yaya."

"Na kitambaa nyeupe, uache nyumbani."