Nungunungu wa Darasa la Alizeti

Jana Mwalimu Kuwabara aliwasomea watoto wa darasa la Alizeti kitabu cha picha. Humo nungunungu kahamia kwa sungura, sungura wakaacha kumwogopa, wakamsaidia kila kazi, wakawa marafiki. Alikinunua kwa ajili ya Livia, mtoto wa miaka mitano ambaye wazazi wake walitoka Brazili kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Si kwamba Livia alikuwa na shida. Alisukumana na wenzake kwenye foleni ya kunawa, akagombea baiskeli, akalia, akanyamaza. Lakini mwalimu wetu ana wasiwasi wa kuzaliwa nao; hata jua likiwaka yeye hubeba mwavuli.

Leo ilikuwa zamu ya Livia na Hinano kugawa chakula. Zamu hiyo watoto huiota: aproni nyeupe, kofia nyeupe, na kusimama mbele kuwaongoza wenzao kushukuru kabla ya kula. Livia alikuwa akihesabu siku kwa vidole tangu wiki iliyopita.

Mwalimu alipotoka jikoni na sufuria ya miso, supu ya Kijapani ya soya, alimkuta Livia ameketi, mikono mapajani, machozi yanamtiririka. Aproni yake kaivaa mwenzake Kotoha.

"Kotoha, mbona umevaa ya mwenzio?"

"Namsaidia, Mwalimu! Livia ndiye nungunungu wetu."

"Na mimi nimemshikia upawa," Rintaro akadakia. "Wala hatumwogopi!"

Wote wakamtazama mwalimu, wanangoja kusifiwa. Mwalimu akaiweka sufuria mezani. Awakemee kwa lipi? Walifanya kile kile alichowafundisha. Awasifu? Na huyu anayelia je? Aibu ikampanda hadi masikioni.

Livia akamvuta nguo. "Mwalimu, nitakuwa nungunungu mpaka lini?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Hinano, ambaye jana hakuja kwa sababu ya homa, na leo alipitia kwanza kwa daktari.

"Wee Livia! Umekaa kama bibi harusi, supu nibebe peke yangu? Mvivu mkubwa! Na wewe Kotoha, vua hiyo, zamu yako kesho!"

Livia akaruka, akajifuta machozi kwa mkono wa nguo. "Mvivu wewe, uliyekuja saa hizi!"

Wakagombea upawa, supu ikamwagika mezani. Mwalimu alitaka kusema, kama kawaida yake, "Tutumie maneno mazuri." Akayameza.

Baada ya chakula Mwalimu alikuwa akikiondoa kitabu kile rafuni, Hinano akamfuata. "Mwalimu, jana sikuwepo. Nisomee na mimi kile kitabu cha nungunungu."

Livia, aliyekuwa akicheka kando yake, akamkazia mwalimu macho.

Mwalimu Kuwabara hakuwahi kumdanganya mtoto hata siku moja. Akakificha kitabu nyuma ya mgongo.

"Kimepotea," akasema.