Alichosema Kipa

Mwalimu Loyce alikuwa mtu wa kuambiwa jambo mara moja akaling'ang'ania kama kupe. Tabia hiyo alitoka nayo kwao Tukuyu, na iliwachosha walimu wenzake wa shule ya Kitahana tangu alipopangiwa kazi huko. Daktari mmoja aliwahi kuwaita walimu wa michezo Kibondo mjini akawaeleza habari za vichwa. Wenzake waliandika, wakanywa soda, wakasahau. Loyce hakusahau. Mchezaji akigongwa kichwa na ukamtilia shaka, anatoka, na siku hiyo harudi tena uwanjani. Ubongo uliotikisika, ukitikiswa tena kabla haujatulia, unaweza kumuua mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa anacheka.

Kitu kimoja tu kilimpungukia: hakujua Kiha, lugha ya wenyeji. Na angekijuaje, wakati yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa wanafunzi waliokisema shuleni? Aliyekamatwa alivishwa kibao shingoni, akazunguka nacho mpaka amkamate mwenzake. Basi wasichana wakakigeuza Kiha kichaka chao. Wakitaka kumteta Madam walikimbilia humo, naye akapita katikati ya vicheko asiambulie kitu.

Juni ya mwaka 2014 timu yake ya wasichana ilikwenda Kasulu kucheza nusu fainali ya shule za sekondari. Walishuka garini wekundu kwa vumbi, nyusi na kope, wakicheka wenyewe kwa wenyewe. Mkuu wa shule, Mwalimu Felician, alikuja na suti yake nyeusi. Alikuwa amekwisha waahidi wazazi kikombe, na pale ofisini kwake fundi alikuwa amekwisha tengeneza kabati la kioo la kukiwekea. Kabati lilikuwepo, kilichosubiriwa ni kikombe.

Tumaini lote lilikuwa kwa Odilia, kipa, msichana mrefu mwenye viganja vipana. Kipa wa akiba alibaki nyumbani anaumwa malaria. Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho, hakuna aliyefunga, wenyeji wakapata kona. Odilia akaruka. Elieth, straika wa Kasulu, naye akaruka. Vichwa vyao vikagongana, na Odilia alipokuwa anaanguka kisogo kikapiga mlingoti wa goli. Akalala kimya.

Wasichana wakafanya kinachofanywa siku zote. Mmoja alikuja na ndoo akammwagia maji kichwani, wengine wakampepea kwa jezi, wengine wakamvuta mikono asimame. Loyce alikimbia huku akipiga kelele wasimwinue. Alipofika, Odilia alikuwa amekwisha simamishwa, maji yanamchuruzika shingoni.

"Odilia, unanisikia?"

Odilia akamtazama, kisha akasema maneno marefu kwa Kiha, polepole, bila wasiwasi. Wenzake wakashusha pumzi. Anayeongea hajafa.

"Anasemaje?" Loyce akauliza.

Esteri, nahodha wa timu, hakupepesa jicho. "Anasema hajambo, Madam. Anasema tucheze, tusiwaachie hawa."

Refa alitazama saa yake. Felician akaita kutoka pembeni, "Mwalimu, mtoto kasimama na anaongea. Toka, mpira uendelee."

Loyce alikwisha geuka aondoke. Hapo Elieth, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi ameshika uvimbe wa paji lake, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hakusema hivyo."

"Alisema nini?"

"Amesema mumfungie begi, gari la kwenda Kasulu litamwacha. Na huyo nahodha wenu amemwita dada yake. Yeye anadhani bado yuko kwao."

Ikawa vurugu. "Madam, huyo ni straika wao!" Esteri alifoka. "Anataka tubaki bila kipa. Utamwamini yeye utuache sisi?"

Maneno hayo yalikuwa na akili, na Loyce aliliona hilo vizuri tu. Kipa akitoka, wa kufaidi ni huyo huyo Elieth. Lakini alipowatazama wasichana wake, hakuna aliyemtazama. Mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa. Mwalimu wa darasa la watoto hamsini anaujua ukimya huo.

Akasogea karibu. "Odilia, hapa tulipo ni wapi?"

Esteri akanong'ona kitu. Odilia akajibu upesi, "Kasulu."

"Esteri, nyamaza. Odilia, tunacheza na nani?"

Odilia alitabasamu kwa adabu, kisha akamgeukia Esteri na kusubiri apewe jibu. Alisubiri tu, mikono imening'inia, kama mtoto aliyepotea sokoni ambaye bado hajajua kwamba amepotea. Loyce hakuuliza tena. Akamshika mikono, akamvua glavu moja baada ya nyingine.

Felician aliingia uwanjani na viatu vyake vya kung'aa. "Mwalimu Loyce, unajua unachokifanya?"

"Najua, Mkuu."

"Tukifungwa, utawaambia nini wazazi?"

"Nitawaambia tumefungwa. Na mama yake Odilia nitamwambia tumefungwa, na mwanao huyu hapa."

Walifungwa mawili bila. Golini alisimama beki mfupi aliyekuwa anaruka na kushika hewa. Odilia hakuona hata bao moja, maana alikuwa nyuma ya gari anatapika, na Loyce hakungoja filimbi ya mwisho kutafuta pikipiki ya kuwapeleka hospitali. Mchezo ulipokwisha, Esteri aling'ang'ania kuwafuata. Ndiye aliyemshikia mwenzake beseni wodini, na kila baada ya muda mfupi Odilia alimwuliza swali lile lile: tunaondoka saa ngapi kwenda Kasulu? Mwanzo Esteri alimjibu. Baadaye alilia tu. Daktari alisema ubongo umetikisika, akawataka wamwache alale lakini wamwangalie.

Felician aliweka chaki kwenye lile kabati, na salamu zake kwa Loyce zikawa za nusu mdomo. Wasichana nao walinuna. Lakini aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa Odilia mwenyewe, aliyekuja kila wiki mlangoni kwake.

"Madam, nimepona."

"Ukisoma, kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Basi bado."

Maumivu yalipokoma kabisa, akamruhusu kutembea kuzunguka uwanja. Kichwa kilipotulia, akakimbia. Kisha akarushiwa mipira laini ya mkono, na mwisho kabisa akarudishiwa glavu zake. Kila hatua ilimchosha roho, na kila hatua Loyce alikuwa amesimama pale pale, kakunja mikono. Katika miezi hiyo pia alikitoa kile kibao cha Kiha ukutani, akakivunja kikawa kuni, na jioni akakaa na wasichana wamfundishe. Walimcheka mpaka wakajishika mbavu. Hakujali.

Mwaka uliofuata walicheza Kibondo, wakiongoza bao moja, dakika zimebaki chache. Esteri, sasa kidato cha nne na huu ndio mchezo wake wa mwisho shuleni, aliruka kuokoa mpira kwa kichwa akagongana na mtu, akaanguka chali. Safari hii hakuna aliyeleta ndoo. Loyce alipofika, Odilia alikuwa amepiga magoti, amemshika mwenzake mabega asiinuke, na Esteri alikuwa anamnong'oneza kwa Kiha.

Loyce alilishika neno moja, la pili likampita. Akafungua mdomo aulize.

"Madam," Odilia akasema, kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "anasema hajambo, anasema nikwambie acheze."

Esteri akatikisa kichwa kukubali, machozi yamejaa machoni.

"Na kabla ya hapo aliniuliza mimi ni nani," Odilia akasema. "Mtoe."