Magunia Thelathini ya Barafu

Mama Glasi alikuwa na kanuni yake, na kanuni hiyo haikuwahi kumtupa: kinywaji kimoja kwa kila mgeni kwa kila saa, na kimoja cha ziada saa ya kwanza, kwa sababu watu hufika shereheni na kiu pamoja na aibu, na vyote viwili hutulizwa na glasi mkononi. Robo karne nzima alikuwa akipanga vinywaji vya sherehe za watu. Ukimpa orodha ya waalikwa wako atakwambia nani watakunywa bia, nani watajidai wanakunywa maji, na mjomba yupi akalishwe mbali na meza ya mvinyo.

Safari hii sherehe ilikuwa ya kwake. Binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa anaolewa, na wageni walikuwa mia nne. "Shangazi," binti alimwambia, "baba hayupo, mama hayupo. Wewe ndiye utakayenishika mkono kuniingiza ukumbini." Mama Glasi alilia kwa furaha, akajifuta kwa kitambaa cha kufutia glasi, kisha akaenda kulitafuta daftari.

Katika kazi ile hakuna anayeanza na karatasi tupu. Unatafuta orodha ya sherehe ya zamani yenye watu wanaolingana, unainakili, unarekebisha. Sasa balaa ni kwamba Mama Glasi alikuwa amewahi kuhudumia watu mia nne mara moja tu, miaka kumi na mitatu nyuma, tena katika ukumbi huo huo. Ukurasa ule hakuwa ameufungua tangu siku hiyo. Aliufungua kwa ncha za vidole, akanakili haraka haraka: soda kreti sitini, maji, bia, mvinyo, glasi mia sita kwa kuwa kila mgeni wa pili hupoteza yake, vifungua chupa kumi kwa kuwa vinne huibwa na watu wenye heshima zao, mirija, ndimu, mapipa ya kupozea. Mstari wa mwisho hakuunakili. Aliandika tu kutoka kichwani: barafu, magunia thelathini.

Asubuhi alikuta mstari ule umelowa. Soda zilikuwa kavu, mvinyo mkavu, ndimu kavu, ila wino wa barafu ulikuwa umetiririka mpaka chini ya ukurasa. Alitazama dari, halivuji. Akaandika upya. Kesho yake hali ikawa ile ile. Siku ya tatu alilifungia daftari kabatini, ufunguo akauweka kifuani, na mchana alipolitoa mstari ulikuwa umelowa tena, na maji yake yalikuwa ya baridi.

Alikaa kitini. Hakujiuliza ni nani, maana alimjua.

Mdogo wake waliyemwita Mashoto, kwa sababu alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, ndiye aliyekuwa mwenzake kazini. Yeye ndiye aliyeandika barafu katika orodha ile ya zamani: magunia thelathini. Dada mtu akaikata namba kwa kalamu yake, akaandika kumi na nane. "Wewe kwa kuzidisha mambo!" alimcheka. "Ukumbi una friza kubwa kama nyumba." Mashoto alikuwa na msemo wake, kwamba barafu iliyobaki haijawahi kumwaibisha mtu. Lakini bosi ni bosi. Basi saa sita mchana Mama Glasi akalijaza friza kreti za soda zilizotoka juani, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja hufundishwa asilifanye, kwa maana friza lililojazwa vitu vya moto halipozi kitu, linajipasha joto lenyewe. Kufika saa tisa, mapipa yalikuwa na maji ya uvuguvugu na wageni wameanza kunong'ona. "Kimbia kwa Baridi, yule muuza barafu," alimwambia mdogo wake. "Kimbia, tunaumbuka!"

Mashoto alikimbia. Barafu aliipata. Alikuwa anarudi nayo pale lori lilipomkuta kwenye kona, na Mama Glasi alipofika alikuta magunia yamepasuka na lami yote imelowa, jua likiikausha huku watu wakimfunika mdogo wake kwa shuka.

Walipomuuliza msibani kwa nini barafu iliisha, akajibu: "Baridi alitupunja. Tuliagiza thelathini, akaleta kumi na nane." Neno lilimtoka mara moja tu. Hakulazimika kulirudia, kwa sababu wengine walilirudia kwa niaba yake, na mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa amekaa mkekani alilisikia, akakua nalo. Mpaka leo binti akipita karibu na duka la Baridi huvuka barabara.

Kwa hiyo barafu ya harusi Mama Glasi aliiagiza katika kiwanda kipya upande wa pili wa mji. Zikiwa zimebaki siku mbili wakampigia simu: mashine imeungua, samahani sana mama. Akazunguka mji mzima. Huyu alikuwa na magunia matatu, yule manne, mwingine alikuwa na maneno mengi tu. Mwenye uwezo wa thelathini alibaki mmoja.

Alimkuta Baridi mlangoni pa chumba chake cha barafu, amevaa koti zito katikati ya joto, nywele zimekuwa nyeupe.

"Karibu, Mama Glasi. Umepotea."

"Nimekuja na shida, kaka."

"Mangapi?"

"Thelathini."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Mwaka ule uliagiza kumi na nane. Nikaleta kumi na nane."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nilikuja msibani nikuulize, nikakukuta unagaragara chini. Nikasema, mfiwa hagombezwi. Akitulia atasema mwenyewe." Alivua glavu, akazipiga pajani kukung'uta barafu. "Mwanangu alikuwa anaulizwa shuleni kama baba yake ndiye yule aliyepunja barafu mtu akafa. Mimi nikaendelea kungoja."



"Barafu nitaleta," Baridi alisema. "Ila sipiti mlango wa nyuma. Nitapita lango kuu, na bibi harusi awe anajua inatoka kwa nani, na kwa nini alifundishwa kunichukia. Ukiwa hujamwambia, nageuza gari pale pale."

Tusidanganyane: Mama Glasi alifikiria kumdanganya. Alirudi ukumbini kupanga glasi akiwa ameshatunga uongo mzima, mzuri, wenye mikono na miguu. Glasi ziliposimama mezani kwa safu, akasikia nje honi ya gari ikilia mara mbili fupi, kama Mashoto alivyozoea kupiga akifika na mzigo. Alitoka mbio. Uwanja ulikuwa mtupu, jua kali, hakuna hata vumbi la gari kupita. Aliporudi ndani akaona maji yanatambaa kutoka chini ya friza kubwa, na friza lile lilikuwa halijachomekwa kwenye umeme kwa mwezi mzima. Yalitambaa yakapita meza, yakapita mapipa, yakaja kusimama kwenye ncha za viatu vyake.

"Nimekusikia," alisema kwa sauti. "Nimekusikia, mdogo wangu. Nitasema."

Asubuhi ya harusi aliingia chumbani alimokuwa binti akisukwa, akamwomba msusi awapishe kidogo. Hakuzungukazunguka. Alilifungua daftari kwenye ukurasa wa zamani, akamwekea mapajani.

"Huo ni mwandiko wa baba yako. Thelathini. Na huu uliokata ni wangu. Baridi hakutupunja. Mimi ndiye niliyepunguza, mimi nikalijaza friza soda za moto, na mimi ndiye niliyemtuma. Kisha nikamsingizia mtu asiye na kosa."

Binti alipitisha kidole juu ya namba ya baba yake. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama.

"Kuagiza barafu kidogo ni kosa," alisema hatimaye. "Mtu hukosea. Hilo ningekusamehe hata nikiwa mtoto. Lakini kila mwaka siku ya kumkumbuka baba, nikimlaani yule mzee, ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ulikuwa unaniitikia, shangazi."

"Ndiyo."

"Leo usinishike mkono."

Maneno yale yalimwingia Mama Glasi mpaka kwenye mifupa, na hakuwa na pa kuyarudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Saa saba gari la Baridi lilisimama lango kuu. Binti alitoka mwenyewe, kanga begani, msusi akimfuata nyuma na kitana. Alipiga magoti mbele ya mzee. "Shikamoo, baba," alisema. "Marahaba, mwanangu," Baridi aliitikia. Kisha akamwinua, akaamuru magunia yashushwe.

Mama Glasi aliyahesabu kama kawaida yake. Yalikuwa thelathini na moja. Akahesabu tena.

"Umeniongezea moja," alimwambia Baridi.

"Mimi? Nimepakia thelathini kwa mikono yangu."

La thelathini na moja lilikuwa peke yake kando ya mapipa, limelowa chepechepe. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwa fundo lililopinda kushoto, fundo ambalo Mama Glasi alikuwa hajaliona miaka kumi na mitatu, kwani ni mtu mmoja tu aliyefunga vile. Alilifungua. Barafu ilikuwa safi, ngumu, na katikati ya vipande vyake mlikuwa na chembe za kokoto za barabarani.

Alipiga magoti, akaukumbatia ule ubaridi. "Umechelewa, mdogo wangu," alisema, na akalia bila kujificha.

Saa tisa milango ya ukumbi ilifunguliwa. Wageni wote walisimama. Binti aliingia bila mtu wa kumshika, kichwa juu, na Mama Glasi alimtazama kutoka nyuma ya meza ya vinywaji, mahali pake pa kazi. Mkono wa kulia wa binti ulikuwa umeshika maua. Wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo pembeni, vidole vimekunjwa kama vimefumbatwa, na kila hatua chache tone la maji lilidondoka kutoka mkononi mwake hadi sakafuni. Wageni walidhani ni maji ya maua. Binti mwenyewe alitazama mkono ule, akatazama pembeni yake pasipokuwa na mtu, na akaendelea kutembea polepole, kwa mwendo wa watu wawili.

Mgeni wa kwanza akafika mezani akaomba soda yenye barafu nyingi. Mama Glasi alimjazia mpaka juu. Siku ile barafu ilitosha, na ikabaki.